Lugha ya Ndeshi

Mjini Moshi, watoto wa wafanyakazi wa kiwandani walilelewa na yaya wa mashine kutoka Japani, na yaya hao walizungumza Kijapani tu. Nakiete alipomaliza mkataba wake wa kuishi kiwandani na kurudi nyumbani, binti yake Ndeshi alikuwa na miaka minne na hakujua hata kusema "mama".

Nakiete akaamua kujifunza Kijapani. Alibandika vikaratasi vya maneno kwenye sufuria, mlango na ndoo. Akiosha vyombo, alirudia kwa sauti kila alichosema yaya.

"Mdogo wangu, utarukwa na akili," dada yake alimwambia. "Kiswahili atakikuta shuleni."

"Siwezi kungoja, dada. Nataka tuongee sasa."

Miezi ikapita. Asubuhi moja, akimenya ndizi, alimsikia Ndeshi akimuuliza yaya jambo, na kwa mara ya kwanza akaelewa sentensi nzima.

"Huyu mgeni ataondoka lini?"

Yaya akajibu kwa upole kwamba hajui.

Ndeshi akageuka, akamkuta Nakiete anamtazama. Akainamisha kichwa kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni.

Nakiete, kisu bado mkononi, naye akainama.