Kadi ya Pili

Pigo la kwanza lilimpata muuza mitumba begani. La pili lilimpata mdomoni, jino likaruka na kutua kati ya redio mbovu na pasi isiyo na waya.

"Kamera iko wapi?" aliuliza Bwana Lenzi.

"Kamera gani, kaka? Kamera zangu si hizo hapo juu..."

Akampiga tena. Silaha yake ilikuwa tripodi ya kusimamishia kamera, aliyoikwapua pale pale rafuni. Aliishika kwa miguu yake mitatu iliyokunjwa pamoja, kichwa kizito cha chuma kikiwa mbele. Alijua pa kuishika.

Jina la Bwana Lenzi alipewa na wenzake wa klabu ya picha, waliomsikiliza kila Jumapili akihubiri neno lile lile: bodi, yaani kamera bila lenzi, ni sanduku tu, lenzi ndiyo jicho. Kamera hizi mpya zisizo na kioo ndani alizikubali, maana ni nyepesi na hazina kelele. Ila mtu akianza kumsifia bodi, mara ina vitufe hivi, mara ina matundu mawili ya kadi za kuhifadhia picha, yeye alipiga miayo.

"Mnanunua nyumba kwa sababu ya kitasa," alikuwa akiwaambia, nao wakicheka.

Mkewe ndiye pekee aliyembishia. Naye alikuwa mpiga picha, tena alimshinda, jambo ambalo klabu nzima ililijua na hakuna aliyethubutu kulitamka. Siku alipoiuza lenzi ya mumewe ya kupigia picha za sura ili aongezee apate bodi mpya, waligombana mpaka majirani wakapunguza sauti za redio wapate kusikia vizuri. Wiki hiyo hiyo alikutwa sebuleni, kichwa kimepondwa, kamera haipo. Majambazi, watu walisema.

Msibani, rafiki mmoja wa marehemu alimshika mkono Bwana Lenzi akamnong'oneza kwa huruma.

"Ukiipata ile kamera, usivunjike moyo hata kama wametoa kadi. Ina tundu jingine chini, kando ya betri. Kila picha ilikuwa inajiandika kote kuwili. Picha zake za mwisho zipo, kaka."

Tangu hapo Bwana Lenzi hakupata usingizi. Alizunguka duka kwa duka, uchochoro kwa uchochoro, akakonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Watu walitikisa vichwa: haya ndiyo mapenzi. Kaka wa marehemu, mchomeleaji wa mageti mwenye vidole kama makoleo, alifunga karakana yake akafuatana naye.

"Tukimpata aliyemuua dada yangu, uniachie mimi, shemeji," alisema kila walipotoka. "Wewe chukua picha zako."

Sasa mchomeleaji alikuwa ameuegemea mlango wa duka kwa mgongo.

"Shemeji, utamuua kabla hajasema."

"Atasema."

Bwana Lenzi akakanyaga vidole vya muuzaji kwa kisigino, akazungusha. Kitu kikalia kama kijiti kikavu.

"Chini ya meza!" muuzaji alipiga ukelele. "Kwenye boksi la nyaya!"

Ilikuwepo. Mkanda umekatika, tope limekauka pembeni. Mchomeleaji aliitambua, akamnyanyua muuzaji kwa ukosi mpaka miguu ikaning'inia.

"Ulimfanya nini dada yangu?"

"Simjui dada yako! Niliuziwa na mwokota chupa. Aliikuta mtaroni, haina kadi. Nilichaji betri nipate kuiuza, kisha nikasikia mnaitafuta, nikaogopa kesi. Nawaapia!"

"Mwizi gani anachukua kadi, halafu anaitupa kamera yenyewe?" aliuliza mchomeleaji.

"Anadanganya," alisema Bwana Lenzi bila kugeuka. "Mpige."

Mchomeleaji akampigiza ukutani. Rafu ikaporomoka, saa za ukutani zikapasuka moja juu ya nyingine, damu ikachirizika kwenye vioo. Katika vurumai hiyo Bwana Lenzi alifungua kifuniko cha chini, pale kwenye betri. Kadi ilikuwemo. Aliishika kwa kucha, akaanza kuivuta.

"Ipo?"

Mchomeleaji alikuwa ameshasimama nyuma yake, anahema.

"Ipo," ilimbidi kusema.

"Iwashe basi, tumwone."

"Kwanza niangalie peke yangu. Ni mke wangu."

Mchomeleaji alimtazama, macho yakamjaa machozi. "Haya, shemeji. Hiyo ni haki yako."

Bwana Lenzi akairudisha kadi, akaiwasha kamera, akaweka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Skrini kubwa ya nyuma ikazimika yenyewe. Ndivyo kamera hizi zilivyo, anayeona ni aliyeweka jicho pale tu, na skrini haiwaki mpaka jicho litoke. Kwa mara ya kwanza maishani aliishukuru bodi.

Alizipitisha picha. Paka dirishani. Mvua kwenye kamba ya nguo. Mkewe akicheka mbele ya kioo cha bafuni, kamera kifuani.

Kisha ya mwisho. Ilipigwa kutoka chini, kwa lenzi ya bei ndogo kuliko zote nyumbani mwao, na bado jicho la aliyepigwa picha lilikuwa kali kama sindano, kila ukope peke yake: Bwana Lenzi mwenyewe, mdomo wazi, tripodi juu ya kichwa, ameishika kwa miguu yake mitatu.

Kidole gumba kikaanza kutafuta kitufe cha kufutia, kwenye bodi ambayo hakuwahi kujisumbua kuijua.

Mkono mzito ukatua begani mwake, kwa upole.

"Yatosha, shemeji. Toa jicho, na mimi nione."