Dakika Moja ya Mshangama

Mwenyekiti wa ukumbi alikohoa, akawaomba watu wasimame na kunyamaza dakika moja, wamkumbuke marehemu Mshangama.

"Kimya?" Bi Arafa alipaza sauti. "Mtu kapiga ngoma humu miaka thelathini, leo mnamkumbuka kwa kimya?"

"Dada Arafa, tafadhali. Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa nani? Alipoomba ngoma yake iwambwe upya, mlikaa kimya. Alipolazwa, kimya. Hamchoki?"

Watu waliinamisha vichwa. Bi Arafa, aliyeigiza na Mshangama tangu ujana wao, alipanda jukwaani, akasimama mbele ya pazia. Kila mchezo pale ulianza kwa Mshangama kugonga sakafu ya mbao mara tatu. Asipogonga, pazia halifunguliwi. Basi Bi Arafa akavua kiatu, akagonga sakafu kwa kisigino cha kiatu hicho. Moja. Mbili. Tatu.

Kule nyuma, mzee mvuta pazia, ambaye hakuwa ameagizwa lolote, alishika kamba kama alivyozoea. Pazia likafunguka taratibu. Kilionekana kigoda kitupu, na kando yake ngoma iliyochanika ngozi. Dakika ilikuwa imekwisha kitambo, na hakuna aliyethubutu kuketi.