Mshale Kwenye Nyekundu

"Geji hii inadanganya!" alifoka Nyangasa, akaigonga kwa kidole.

Kwa mara ya tatu asubuhi ile alikuwa amefunua boneti ya lori lake la zamani la dizeli na kuukaza upya waya uliotoka kwenye alteneta, mtambo wa kuzalisha umeme wa lori, hadi kwenye geji hiyo ya kuonyesha kasi ya mizunguko ya injini. Mkewe ndiye aliyeinunua geji, baada ya giaboksi ya pili kuvunjika.

"Kwani haya masikio ni ya nini?" Nyangasa alikuwa amemuuliza siku hiyo. Miaka yote alibadilisha gia kwa kusikiliza mngurumo tu.

Alikuwa amefunga boneti; sasa aliwasha tena, akakanyaga mafuta. Mshale ukaruka hadi kwenye nyekundu.

"Mjinga wewe! Injini inanong'ona, unasema inataka kupasuka?"

Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ndogo nyuma ya geji ili mshale ushuke, mguu ukiwa palepale kwenye mafuta. Mshale ukagoma. Aliitukana geji, akamtukana aliyeitengeneza, kisha akainua macho kutafuta wa kumlalamikia.

Mkewe, Mama Tunu, alikuwa amesimama mbele ya lori, ameziba masikio kwa viganja. Nyuma yake majirani walikuwa wametoka milangoni, nao wameziba yao. Mama Tunu alikuwa ameachama, mishipa ya shingo imemsimama.

Nyangasa alishusha kioo bila kuondoa mguu kwenye mafuta.

"Ongeza sauti, Mama Tunu," alisema. "Mbona nawe unanong'ona?"