Ua la Kilimani

Christiane aliliweka ua kwenye glasi mezani kwa sababu lilikuwa zuri, basi. Wageni wa ng'ambo na wenzao wa Lubumbashi, aliokuwa akiwakusanyia mbegu, walimwomba jambo moja tu: asimwonyeshe mtu kilima linakoota, maana ua hilo halipo kwingine duniani.

Na kilima hakumwonyesha mtu.

Mumewe aliingia kutoka machimboni, vumbi hadi kwenye kope. Akaliona ua, akaganda.

"Weye, hii mauwa ulitoa wapi?"

"Mu njia tu, papa."

Hakubisha. Aliokota kiatu cha mkewe mlangoni, akakigeuza, akakwangua udongo wa soli kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama anayemenya yai. Chini ya wekundu kulikuwa na kijani.

"Wazungu wako banatafuta mauwa," alisema kwa upole. "Siye tunatafuta kenye iko chini yake. Hii mauwa inapenda shaba tu."

Akapiga simu, akawaita wenzake waje na sururu. Kisha akaviweka viatu vyote viwili miguuni pa Christiane, ncha zikielekea mlangoni.

"Vala, chérie. Jua ingali juu."