Bi Pazia Nukta Com

"Baba, anwani ya tovuti ya duka letu la mapazia tuimalizie na nukta com au na ule mwisho wa nchi yetu?" binti yangu aliniuliza, simu mkononi.

"Wa nchi wanaushika wakubwa. Hao hao waliomwacha mama yako kwenye benchi la hospitali mpaka akakata roho. Weka com."

"Wewe nawe! Hata mvua ikinyesha, ni wakubwa." Akacheka, akaandika jina ambalo wateja walimpa mama yake: Bi Pazia. Kicheko kikamkatika.

Tovuti ya jina hilo ilikuwepo tayari. Marehemu mke wangu alikuwa pale, pini zimebanwa midomoni, pazia la bluu mapajani. Picha ile aliipiga mwenyekiti wa chama cha washonaji, eti ya kalenda ya chama.

Chini palikuwa na namba ya mwenyekiti huyo huyo, na kitufe cha kuzungumza na mwenye duka.

"Usibonyeze, baba."

Nikabonyeza. Nikaandika: "Nani hapo?"

Jibu likaja kabla sijameza mate: "Ni mimi mwenyewe, Bi Pazia. Karibu mpenzi, nikushonee nini?"