Kibao cha Jalali

Miaka arobaini Jalali alichora vibao vya maduka ya watu, na hakuna aliyemuuliza jina lake. Leo manispaa imemletea kibao cha barabara aandike jina lake mwenyewe: Mtaa wa Jalali. Chini yake, kwa herufi ndogo: Mshairi.

Huyo mshairi, wajina wake, walisoma naye dawati moja. Asubuhi alichungulia dirishani akicheka, “Wajina, nipendezeshe!” Wivu ukamshika Jalali.

Jina lilipokauka, mkewe aliingia na chai, akasoma, machozi yakamlengalenga.

“Baba Zuhura! Kumbe hatimaye wamekukumbuka!”

Neno la chini, Mshairi, lilikuwa bado kuandikwa. Jalali alichovya brashi, akasimama nayo, rangi ikimdondokea miguuni.