Homa ya Kijani

Ni kweli tupu, na asiyeamini aende Ekero akaulize: Alhamisi ile, mwaka wa tisini na tano, daktari wa chombo cha angani aligeuka kijani mbele ya macho ya Willis Osundwa.

"Mwili mzima," Osundwa aliwaambia majirani Ijumaa asubuhi, pale kwa Shitanda fundi wa baiskeli. "Alikuwa amesimama, kichwa buluu. Akashikwa na kizunguzungu, akaketi, uso ukawa mwekundu. Akalala sakafuni, kijani. Na mkuu wa chombo anamwangalia tu, haulizi kitu. Yule mkuu anajua. Tangu mwanzo anajua daktari si mtu wa dunia hii. Hakuna kipindi walichowahi kutoa kikafikia hiki, na mwenye maoni mengine ayalete."

Hakuna aliyekuwa na maoni mengine, kwa sababu hakuna mwingine aliyekiona. Osundwa, dereva mstaafu wa trekta za miwa, ndiye pekee aliyekuwa na televisheni upande ule. Aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa, akaambiwa ni ya rangi. Alipoiwasha, rangi akazikuta. Aliiendesha kwa betri ya gari, Alhamisi tu, kipindi hicho tu. Kikiisha anaizima na kuifunika kitambaa. Habari alisikiliza redioni kama watu wengine.

Majirani walipoomba kuja kutazama, aliwaambia macho mengi humaliza betri. Basi wakawa wanangoja Ijumaa, awasimulie, na wakati akisimulia hata mwenye haraka ya kuzibiwa pancha alikaa chini akatulia. Chifu mwenyewe hakusikilizwa hivyo.

Jumapili akaja Khalayi, mdogo wa mkewe, fundi wa cherehani kutoka Amalemba, ambako kuna stima, na televisheni anayo. Alimkuta Osundwa uani amezungukwa na watu, anairudia habari ya daktari kwa walioikosa.

"Shemeji," Khalayi akasema hata kabla ya kuweka mkoba chini, "hicho kipindi nilikiona. Yule daktari alikuwa na homa."

"Homa gani ya kijani?"

"Kijani wapi? Alikuwa Mzungu wa kawaida, anatoka jasho."

"Televisheni yako ni ya rangi?"

"Ya rangi."

"Basi imezeeka. Rangi zinaishanga, Khalayi, kama betri tu. Pole sana."

Watu wakacheka. Shitanda hakucheka. Alikuwa anamtazama Osundwa kama mtu anayetazama tairi alilouziwa kama jipya.

"Mzee," akasema, "miezi yote hii tunaacha kazi kukusikiliza. Kama unatubunia, tuambie, tuwe tunafungua redio."

Osundwa akamgeukia Khalayi. Ijumaa zake zote zilikuwa zimening'inia hapo, mdomoni mwa shemeji yake.

"Leo saa kumi wanakirudia," akasema. "Ingieni wote, mkaone wenyewe. Kama daktari si kijani, yule jogoo mwekundu anachinjwa leo hii, na firigisi anakula Khalayi."

Jikoni, Nekoye mkewe akaacha kusonga ugali. Katika boma lile firigisi ilikuwa ya baba mwenye nyumba, na haikuwahi kujadiliwa. Hata pasta alipokuja alipewa paja.

"Nanyi mmesikia," Khalayi akawaambia watu. "Na nikishindwa mimi?"

"Unanishonea koti. La vifungo vitatu."

"Nakushonea suti nzima, shemeji. Washa."

Wakaingia, kwa mara ya kwanza, wengine wamevua viatu mlangoni kama wanaingia kwa wagonjwa. Osundwa akawapanga: warefu nyuma, wafupi mbele, na Khalayi karibu kabisa na kioo, asije akasema baadaye hakuona vizuri. Akaondoa kitambaa, akaunganisha nyaya kwenye betri. Moyo wake ulikuwa shwari. Maishani alikuwa ametia chumvi hadithi nyingi, nyingine hadi zikawa chungu, lakini hii hakuigusa. Alichosema ndicho alichokiona.

"Usimkodolee macho daktari peke yake," akamshauri Khalayi. "Mtazame mkuu wa chombo. Yule ndiye anajua."

"Mimi natazama jogoo," Khalayi akajibu. "Huyo hapo mlangoni, amenona."

Kioo kikapata mwanga polepole. Kipindi kilikuwa bado. Kwaya ya kanisa ilikuwa inamalizia wimbo, imejipanga safu tatu. Waliosimama nyuma walikuwa na nyuso za buluu, wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Walioketi katikati walikuwa wekundu. Waliopiga magoti mbele walikuwa kijani.

Kisha mama mmoja mnene mwenye miwani akainuka kutoka safu ya mbele kuimba peke yake. Uso wake ulianza kijani, ukapita kwenye nyekundu, ukafika buluu, na sauti yake haikutetereka hata kidogo.

"Na huyu mama," Shitanda akauliza taratibu, "ni wa nyota gani?"

Khalayi akaingiza ukucha kwenye pembe ya kioo. Karatasi ya plastiki yenye mistari mitatu, buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini, ikabanduka yote kwa mara moja, na kwaya ikabaki nyeusi na nyeupe.

Aligeuka kumtafuta shemeji yake, lakini uani jogoo alikuwa tayari anapiga kelele: Osundwa hakungoja kuambiwa.